Hamed bin Muhammed, Mtu wa Majina Mengi

Nchelenge ni mji wa Zambia, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Ukitoka hapo kwenda kaskazini mashariki, kuelekea Ziwa Tanganyika, unaingia Itabwa, iliyokuwa nchi ya mtemi Nsama. Misafara ya pwani ilimwogopa sana mtemi huyo, hadi mwaka 1867 alipopigwa na mfanyabiashara kijana kutoka Unguja. Kijana huyo alizaliwa yapata mwaka 1837, akaitwa Hamed bin Muhammed el Murjebi. Watu wa bara walimpa jina la Tippu Tip. Wengine husema jina hilo ni mlio wa bunduki zake, wengine husema ni kwa sababu alikuwa akipepesa macho.

Ndugu msomaji, ukipewa kazi ya kuandika juu ya mtu huyu, taabu ya kwanza ni kumpata. Livingstone, aliyekutana naye mwaka uleule wa 1867 kabla ya kufika Mweru, alimwandika Tipo Tipo, na ziwa akaliandika Moero. Kitabu cha Heinrich Brode kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1907, jina likawa Tippoo Tib. Kompyuta ya maktaba haijui kwamba hao wote ni mtu mmoja. Lazima uiambie: yaandike majina yote, kila moja ndani ya alama za kunukuu, uyaunganishe kwa neno OR, kisha uyafunge ndani ya mabano. Baada ya mabano weka AND, halafu mabano mengine yenye Mweru, Moero, Itabwa na Kazembe, nayo yakiunganishwa kwa OR. OR huongeza matokeo, AND huyachuja. Ukisahau mabano, kompyuta itachanganya mambo na utaletewa takataka. Ukipanga vizuri, unaweza kuifikia makala ya Andrew Roberts iliyotoka katika jarida la Azania mwaka 1967, inayolinganisha habari za Tippu Tip na za Livingstone ili kupata tarehe za watawala wa Kazembe.

Maneno hayo yanatokana na hesabu za mantiki za Mwingereza George Boole, aliyetoa kitabu chake kikubwa mwaka 1854. Wakati huo Hamed hakuwa ametimiza miaka ishirini. Alikuwa ameanza biashara akiwa na miaka kumi na miwili, akinunua sandarusi katika safari fupi, na alipofika kumi na minane baba yake, Muhammed bin Juma, alimchukua bara hadi Tabora.

Baada ya Itabwa alisonga magharibi mpaka Manyema, na Kasongo ukawa mji wake mkubwa. Mwaka 1876 alimsindikiza Stanley kwa sehemu ya safari ya kushuka mto Lualaba. Mwaka 1887 alikubali kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, jambo ambalo mpaka leo nashindwa kulielewa kwa mtu mwerevu kama yeye. Alikwisha rudi Unguja vita vilipozuka kati ya watu wake na Wabelgiji mwaka 1892. Mwanawe Sefu aliuawa mwaka 1893.

Sasa neno la tatu, NOT. Hili ndilo la hatari. Ndani ya Ziwa Mweru kuna kisiwa kiitwacho Kilwa. Ukitafuta Kilwa utaletewa Kilwa ya pwani, na utashawishika kuandika NOT Kisiwani. Lakini makala nzuri inayotaja Kilwa zote mbili itatupwa pia. Afadhali Kilwa AND Mweru.

Kuna NOT nyingine inayotushawishi zaidi sisi Waislamu. Tunachoka kusoma juu ya huyu bwana kama mfanyabiashara ya watumwa tu, na mtu anaweza kuliondoa neno utumwa katika utafutaji wake ili abaki na msafiri hodari. Atakachobaki nacho ni kidogo, tena si kweli. Pembe zile zilipatikana kwa vita, watu walitekwa, vijiji vilichomwa. Wanaomsingizia kila uovu wa bara nao wajibiwe, lakini kwa ushahidi, na ushahidi huo umo katika makala zilezile ambazo NOT ingezifuta.

Mwenyewe hakuficha vita vyake. Alipozeeka Unguja aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Brode aliyageuza kwa herufi za Kilatini na kuyatafsiri kwa Kijerumani, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley ilitoka 1958 na 1959, ikiwa pamoja na Kiswahili chenyewe. Hamed alifariki Unguja, Juni 1905. Kitabu hicho kitafute kwa jina la Hamed au la Murjebi, maana kichwa chake kinaanza na neno Maisha, na anayeandika Tippoo Tib peke yake anaweza asikione.