Robert Koch: Daktari aliyejidunga dawa yake ya TB, akatetemeka karibu saa nzima

Mama akitoka kliniki Lagangabilili, wilayani Itilima, na mtoto aliyechomwa BCG begani, huambiwa asishtuke. Wiki chache baadaye patavimba, huenda pakatoa usaha, kisha patabaki kovu. Ni mwili unapambana.

Uvimbe wa namna hiyo uliwahi kumponza mmoja wa madaktari wakubwa duniani, Robert Koch.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843, Clausthal, Ujerumani. Machi 24, 1882, mjini Berlin, alitangaza kuwa amekigundua kimelea cha kifua kikuu. Ndiyo maana Siku ya TB Duniani huadhimishwa Machi 24.

Kimelea kimejulikana, dawa je? Mwaka 1890 Koch akasema anayo. Aliita tuberkulini, maji yaliyotokana na vimelea vya TB, ila namna ya kuitengeneza akaificha.

Alianza kujidunga mwenyewe mkononi. Saa chache baadaye viungo vikauma, akakohoa, akapumua kwa shida. Saa ya tano akaanza kutetemeka kwa baridi karibu saa nzima, akatapika, homa ikafika nyuzi 39.6. Kesho yake akawa nafuu.

Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila upande. Wakidungwa, homa inapanda na sehemu zenye TB zinavimba. Koch akaona dawa inafanya kazi. Kumbe wapi! Wengi hawakupona, wengine wakafa. Mwanzoni mwa 1891 Rudolf Virchow alipopasua maiti alikuta ugonjwa umesambaa zaidi.

Alikosea wapi? Aliona mwili unawaka, akadhani unapona.

Mwili ukikutana na adui, damu hukimbilia pale alipo na chembe nyeupe hujaa. Panavimba, panakuwa pekundu, pana joto, panauma. Taarifa hufika hadi kwenye ini, nalo ndani ya saa chache huanza kumwaga protini maalumu kwenye damu. Homa nayo hupanda. Protini mojawapo, CRP, iligunduliwa New York mwaka 1930, miaka 20 baada ya Koch kufa. Leo maabara huipima. Ikiwa juu, daktari anajua kuna vita mwilini, lakini kipimo hicho peke yake hakimwambii adui ni nani wala nani anashinda.

Tuberkulini haikutupwa. Madaktari wengine waliigeuza kipimo: unachomwa kidogo kwenye ngozi ya mkono, na pakivimba ni dalili kwamba mwili umeshakutana na TB.

Koch alifika na huku kwetu. Mwaka 1897 na 1898 alichunguza malaria Dar es Salaam. Mwaka 1905 alirudi kufuatilia homa ya papasi, akaonyesha kwamba vimelea vyake hupita hadi kwenye mayai ya papasi. Mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya TB.

Mwaka 1906 akapita Mwanza, akaenda visiwa vya Sese, Uganda, ambako malale yalikuwa yanamaliza watu. Akawapa wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni walionekana kupata nafuu. Alipoongeza dozi, baadhi yao wakapofuka moja kwa moja. Kwa mara ya pili aliamini nafuu ya haraka, na gharama wakalipa wagonjwa.

Alifariki Mei 27, 1910, Baden-Baden, akiwa na miaka 66.

Kimelea alichokigundua bado kipo. Lakini siku hizi TB inatibika, na Tanzania vipimo na dawa zake ni bure. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukiwa na homa za jioni, jasho usiku na kupungua uzito, usingoje homa ishuke yenyewe. Nenda kituo cha afya kilicho karibu ukapimwe makohozi.