James Chuma, Mnyapara wa Misafara

Katika mji wa Bagamoyo, mwisho wa njia iliyopandwa miembe pande zote mbili, yapo majengo ya misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868. Miongoni mwa majengo hayo imo nyumba ya masista iliyojengwa mwaka 1876, ambayo leo ni makumbusho. Tulipoizuru tulikuta humo vitu vya ibada, picha za kale za wamisionari, na minyororo ya watumwa. Vitu hivyo vimewekwa chini ya dari moja, wala si vibaya kuviweka hivyo, maana kazi ya kwanza ya mapadre wale ilikuwa kuwakomboa watu waliofungwa kwa minyororo ya namna hiyo.

Karibu na nyumba hiyo umesimama mnara wa kanisa la kwanza, lililojengwa mwaka 1872. Watu huuita Mnara wa Livingstone, kwa sababu tarehe 24 Februari 1874 maiti ya Dakta David Livingstone ilipokewa na kulazwa hapo. Mgeni akisha kuambiwa habari hiyo huinua macho, hutazama juu, kisha huenda zake. Sisi tulibaki nyuma kidogo, tukajiuliza swali ambalo askari yeyote angalijiuliza: mzigo ule uliletwa na nani, kwa amri ya nani, na nidhamu ya namna gani iliushika msafara ule miezi tisa porini hali mkubwa wao amekwisha kufa?

Waliouongoza walikuwa wawili, Abdallah Susi na James Chuma. Leo tumemchagua Chuma, kwa kuwa maisha yake yalianzia katika nchi za mto Ruvuma na jirani zake, nchi ambazo baadhi ya wasomaji wetu wamepata kuzijua kwa miguu.

Chuma alikuwa Myao, aliyezaliwa yapata mwaka 1850. Angali mtoto alikamatwa na kuuzwa. Mwezi Julai 1861, katika nchi ya mto Shire ambayo leo ni Malawi, Livingstone na Askofu Mackenzie walikutana na msafara wa watumwa waliofungwa makongwa shingoni. Wasimamizi wa msafara wakakimbia, na watu wakafunguliwa. Chuma alikuwa mmoja wao. Akalelewa na misheni ya Mackenzie huko Magomero mpaka misheni hiyo ilipovunjika kwa njaa, homa na vita. Mwaka 1864 Livingstone alivuka bahari ya Hindi kutoka Unguja mpaka Bombay kwa meli yake ndogo iitwayo Lady Nyassa, safari ya siku 45, na Chuma na mwenzake Wikatani walikuwa ndani ya meli hiyo. Huko Bombay walitiwa shuleni. Chuma akajifunza Kiingereza, na mwaka 1865 akabatizwa kwa jina la James.

Mwezi Machi 1866 meli ya kivita ya Kiingereza ilimfikisha Livingstone kwenye kinywa cha mto Ruvuma, kaskazini ya rasi ya Delgado. Mahali pale palikuwa na matope na mikoko, wanyama wasingaliweza kushushwa, hivyo msafara ukashukia Mikindani. Tungependa msomaji autazame msafara huo kwa jicho la kazi yake. Walikuwamo askari wa Kihindi 13 kutoka Bombay, watu waliofundishwa silaha na gwaride. Walikuwamo wanaume kumi wa Nzuani chini ya kiongozi wao Musa. Walikuwamo vijana tisa waliosoma Nassick huko Bara Hindi, watu wa Shupanga, na hao vijana wawili wa Kiyao. Kwa wanyama, palikuwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda.

Mtu angalitazamia kwamba askari ndio wangalikuwa uti wa mgongo wa msafara. Haikuwa hivyo. Walipoingia katika bonde la Ruvuma wakaanza kuchelewa njiani, wakawatesa wanyama kwa mapigo na mizigo, na kila siku wakawa na sababu mpya ya kutofika kambini na wenzao. Livingstone alivumilia mpaka Julai, kisha akawarudisha pwani. Hatusemi haya ili kuwadharau. Walikuwa mbali na kwao, wakiongozwa na mtu ambaye si afisa wao, katika vita ambavyo havikuwa vita, na chakula kilikuwa haba. Maana nchi ile ilikuwa imekaushwa na biashara ya watumwa, na njiani zilionekana maiti za watu waliofungwa mitini na kuachwa kwa sababu hawakuweza kutembea tena. Lakini ukweli ni kwamba wenye mafunzo ndio waliotoka kwanza.

Wa pili kutoka walikuwa watu wa Nzuani. Mwezi Septemba waliposikia kwamba Wangoni wako mbele, walitua mizigo na kurudi pwani. Ili wapate ujira wao, walifika Unguja na hadithi iliyotungwa vizuri sana ya jinsi Livingstone alivyouawa. Ikabidi watu watumwe kutoka Uingereza mwaka 1867 kuja Ziwa Nyasa kuhakikisha kwamba hadithi ile ilikuwa uongo.

Wikatani naye alikaa karibu na Ziwa Nyasa, akisema amewaona ndugu zake. Chuma alipata kishawishi hicho hicho, maana ile ilikuwa nchi ya Wayao na lugha ilikuwa yake. Akaendelea mbele. Hakuwa na kiapo, wala cheo, wala sheria ya kijeshi ya kumwadhibu kama angaliondoka.

Hata hivyo hatutaki kumchora Chuma kama malaika. Mwaka 1868, Livingstone alipotaka kwenda Ziwa Bangweulu, sehemu kubwa ya watu wake waligoma, na Chuma na Susi wakiwamo. Walikuwa wamechoka. Livingstone akaenda na wachache, na aliporudi akawapokea tena, kwa kuwa, kama alivyokiri mwenyewe, naye pia alikuwa na makosa yake. Tangu siku hiyo Chuma hakumwacha. Alikuwapo Manyema, alikuwapo Ujiji Stanley alipofika mwaka 1871, na alikuwapo Tabora mwaka uliofuata walipokuja watu 57 walioletwa na Stanley kuongeza nguvu.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo karibu na Bangweulu, katika nchi ambayo leo ni Zambia, kijana mtumishi alimwamsha Susi. Susi akamwita Chuma na wengine, wakaingia kibandani wakamkuta mzee amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Hapo ndipo tungependa kukaa kidogo. Watu wale walikuwa kiasi cha 60, mbali mno na pwani. Yule aliyewaajiri hayupo. Bunduki zilikuwa mikononi mwao, na vitambaa vya kununulia chakula vilikuwa mikononi mwao. Hakuna aliyeweza kuwauliza neno kama wangaligawana mali na kutawanyika, na kumzika mzungu mahali alipofia. Asubuhi waliitana, wakafungua masanduku mbele ya wote, na Jacob Wainwright, ambaye alijua kuandika, akaorodhesha kila kitu kilichokuwamo. Kisha wakawataka Susi na Chuma wawe wakubwa wao, wakaahidi kuwatii. Hawakuteuliwa na serikali yoyote. Na jambo la kwanza waliloliamua lilikuwa lile gumu kuliko yote, yaani kuipeleka maiti pwani.

Walijua hatari yake. Katika nchi nyingi za njiani, kupitisha maiti ya mgeni kulikuwa kosa kubwa lenye faini nzito, pengine vita. Kwa hiyo mwanzoni walificha habari za kifo. Chuma akaenda kwa Chitambo kuomba ruhusa ya kujenga nje ya kijiji. Chitambo alipopata ukweli hakukasirika. Aliwaonya tu kwa upole kwa kumficha, akaja na watu wake kuomboleza. Wakajenga boma na kibanda kisichokuwa na paa. Farijala, ambaye alipata kumtumikia daktari huko Unguja, akaipasua maiti. Moyo na matumbo vikazikwa chini ya mti, na Wainwright akasoma sala na kuchonga jina katika gome. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaukunja miguu, wakauzungushia vitambaa, wakautia ndani ya gome la mti lililochunwa mviringo, na juu yake wakashona turubai na kuipaka lami. Mzigo huo ukatundikwa mtini, watu wawili wakaubeba mabegani.

Safari ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Hawakwenda mbali watu wakashikwa na ugonjwa, msafara ukasimama karibu mwezi mzima. Wakavuka Luapula. Katika mji wa Chawende ugomvi ulizuka, bunduki na mishale vikatumika, na watu wa Chuma wakauteka mji ule wakakaa humo siku kadhaa wakila chakula cha wenyeji. Wasimulizi wengi hulipita jambo hili haraka. Sisi tunaona ni afadhali lijulikane, kwani waliolipia safari ile walikuwa pia watu ambao hawakuwa na habari na Livingstone.

Mwezi Oktoba Chuma alitangulia Tabora na barua, akamkuta afisa wa jeshi la majini la Kiingereza, Luteni Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wamzike papo hapo, maana njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Kwa desturi za siku zile, neno la afisa mzungu lilikuwa amri. Wakamsikiliza kwa heshima, wakakataa. Cameron akachukua vyombo vya kupimia vya marehemu, vyao vya kupeleka wakabaki na maiti na karatasi.

Utabiri wake haukuwa wa bure. Mbele ya Tabora wenyeji wa Kasekera walizuia maiti isipite. Tunadhani wasomaji wetu watapendezwa na jibu la Chuma na Susi. Waliifungua maiti kwa siri, wakaifunga upya ikawa fupi kama mtumba wa kawaida wa nguo. Kisha wakatengeneza bunda la mabua ya mtama, refu kama maiti, wakalitia nguo, wakawapa watu wachache walirudishe Tabora kwa huzuni, kana kwamba wamekubali kwenda kuzika. Wabebaji wale walipofika mbali wakayatupa mabua porini kidogo kidogo, wakarudi usiku mmoja mmoja. Msafara ukapita na mtumba wake wa nguo, na hakuna risasi iliyopigwa.

Hivyo ndivyo walivyofika Bagamoyo. Chuma akavuka Unguja kupeleka habari kwenye ubalozi. Meli ya kivita iitwayo Vulture ikaja kuchukua maiti, na balozi wa muda akawalipa watu mishahara yao, wakaambiwa kazi imekwisha. Tarehe 18 Aprili Livingstone alizikwa London katika kanisa la Westminster. Kati ya wote waliomleta, ni Wainwright peke yake aliyekuwapo. Chuma na Susi walifika Uingereza baada ya mazishi, kwa nauli iliyotolewa na rafiki wa marehemu, James Young. Huko walikaa na Horace Waller wakimsaidia kuzielewa shajara za Livingstone, wakimweleza mahali, watu na siku ambazo karatasi hazikuzisema wazi. Kitabu kilitoka mwaka huo huo wa 1874. Bila wao, sura za mwisho zisingaliandikwa.

Walipewa medali. Medali za wengi wa wapagazi zilifika Unguja wenyewe wakiwa wamekwisha kutawanyika.

Chuma aliporudi hakukaa kutazama medali. Alimwongoza Askofu Steere katika nchi ya Wayao, na mwaka 1876 alikuwa mnyapara wa msafara uliopeleka watumwa waliokombolewa kufanya makao Masasi. Mwaka 1879 aliajiriwa na Keith Johnston, ambaye alikufa Behobeho kabla safari haijachanganya. Aliyebaki mkubwa ni Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 ambaye hakupata kuongoza watu porini. Aliyeushika msafara ule wa watu 150 hivi, mpaka Ziwa Nyasa na Tanganyika na kurudi, ni Chuma. Alijua lugha nyingi, alijua kusema mbele ya machifu, na hasira yake wapagazi waliiogopa. Watu karibu wote walirudi hai, jambo lililokuwa adimu katika misafara ya siku zile.

Safari yake kubwa ya mwisho ilimrudisha Ruvuma. Sultani Barghash wa Unguja alisikia kwamba bondeni mwa mto ule mna makaa ya mawe, na mwaka 1881 akamtuma Thomson kuyatafuta, Chuma akiwa mnyapara. Walichokikuta ni mawe meusi ya udongo yasiyofaa kuchomwa, na Sultani hakufurahi. Utajiri wa nchi ile ulikuwa mahali pengine, chini ya bahari iliyo mbele ya rasi, ambako gesi iligunduliwa mwaka 2010. Kwa ajili ya gesi hiyo watu wa rasi ya Afungi, wilaya ya Palma, walihamishwa makwao wakajengewa kijiji cha Quitunda, na ni kijiji hicho hicho kilichopokea maelfu ya wakimbizi Palma iliposhambuliwa mwezi Machi 2021. Mwenye kusimama doria Quitunda na kuelekea kaskazini, hana mbali kufika kinywa cha mto ule ambao Chuma aliuona akiwa kijana wa miaka 16 hivi.

Mwaka 1882 Chuma alikufa Unguja kwa kifua kikuu, umri wake ukiwa umepita miaka 30 kidogo tu. Mwanzoni mwa 1883 Thomson alishuka tena Unguja, safari hii akijiandaa kwenda nchi ya Wamasai, ambako msafara ulihitaji mnyapara hodari kuliko nchi zote alizopita. Akauliza habari za Chuma, akaambiwa. Ikambidi atafute wanyapara wengine.