Shaaban Robert, Karani Aliyemlilia Amina

Wengi wetu tuliosoma shule za Rungwe tulikutana na marehemu Sheikh Shaaban Robert darasani, mvua ikipiga bati na mwalimu akitukaririsha beti zake. Hakuwa mtu wa kwetu. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Tumemweka katika kijitabu cha mwaka huu kwa sababu michango inakwenda kununua vitabu vya Kiswahili, na kwa sababu vijana wetu wana hofu moja: wanadhani shairi halifai mpaka lijazwe maneno ya pwani ambayo hata mtungaji mwenyewe kayatoa kwenye kamusi.

Wazee wake walikuwa na asili ya Wayao, watu wa bara kama sisi. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akaajiriwa forodhani, na akabaki karani wa serikali kwa miaka mingi, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo. Utenzi wa Vita vya Uhuru, alioutunga juu ya Vita Kuu ya Pili, una beti zipatazo 3,000. Ni kazi kubwa sana, ila tuseme kweli, walioumaliza ni wachache.

Shairi la Amina ni jambo jingine. Amina alikuwa mkewe, na alipofariki Shaaban aliandika beti chache tu za maombolezo. Karibu kila neno lililomo mtoto wa darasa la tano wa Kiwira au Masoko analijua. Anamwita mkewe kwa jina na kuzungumza naye. Vina na mizani havikulegea hata kidogo. Wepesi ule ni wa mtu aliyefanya kazi. Nasi tunaufahamu, maana tumekaa misibani. Mama anayemlilia mwanawe hatafuti neno gumu. Anamwita, anataja maji aliyotekewa na migomba aliyopaliliwa, na wanaume waliokuwa wakizungumza pembeni wananyamaza.

Kwa watoto wake alifanya vilevile. Utenzi wa Hati alimtungia binti yake, na Utenzi wa Adili mwanawe wa kiume. Ndani yake tunamsikia baba aliyekaa na mtoto, anamweleza jinsi ya kuishi na watu.

Alifariki Juni 1962, miezi sita baada ya Uhuru, akiwa na miaka 53.

Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ndicho kitabu cha kwanza katika orodha yetu ya manunuzi. Ndugu yeyote mwenye nakala ya zamani nyumbani, awe Tukuyu, Mbeya au Dar es Salaam, tunaipokea pia, hata kama jalada limechanika. Ikabidhiwe kwa mweka hazina pamoja na bahasha ya mchango.