Karl Blossfeldt, mwalimu aliyepiga picha za maua kwa kamera ya mbao

Karl Blossfeldt hakusomea kazi ya kupiga picha hata siku moja. Alizaliwa 1865 kule Schielo, kijiji cha milima ya Harz, nchini Ujerumani. Akiwa kijana alijifunza kazi ya chuma kiwandani: kutengeneza mapambo ya vyuma yenye umbo la majani na maua. Baadaye alipata msaada wa masomo, akaenda Berlin, kisha akafuatana na mwalimu Moritz Meurer mpaka Italia kukusanya mimea ya kufundishia kuchora.

Kuanzia 1899 yeye mwenyewe akawa mwalimu mu chuo cha sanaa pale Berlin. Shida ikawa hii: maua yananyauka. Mwanafunzi anaanza kuchora asubuhi, mangaribi ua limekwisha kulala. Tena vitu alivyotaka wavione vilikuwa vidogo kama kichwa cha sindano. Akaamua kuvipiga picha, kwa kamera ya mbao aliyojitengenezea.

Kamera ya namna ile ilihitaji shingo ndefu. Juu ya nini? Wakati ule picha ilishikwa ku kioo chenye dawa, na kadiri lenzi inavyosogea mbali na kioo, ndivyo ua linatoka kubwa. Tuseme lenzi ni ya sentimita 15: ili ua litoke na ukubwa wake wa kweli, lenzi inapaswa kukaa sentimita 30 mbele ya kioo. Lakini hapo mwangaza unaofika unabaki robo tu. Ukipunguza tundu la lenzi ili ua lionekane safi mbele na nyuma, mwangaza unapungua tena. Ndiyo maana alikuwa anaacha lenzi wazi dakika nzima nzima. Upepo kidogo tu, kazi imeharibika! Basi alipigia ndani, kwa mwangaza mtulivu wa dirisha, na nyuma ya ua aliweka karatasi ngumu nyeupe, ya kijivu ao nyeusi. Ni hayo tu.

Hakununua maua ya bei. Alichukua magugu ya kando ya njia na ya reli, akakata majani yaliyozuia umbo kuonekana. Wengine wangesema huko ni kudanganya, lakini yeye alikuwa anatayarisha vifaa vya darasa. Mu picha zake, kamba changa za mmea wa maboga zinafanana na chuma kilichokunjwa na fundi, na majani mengine yamejikunja kama fimbo ya askofu.

Karibu miaka 30 picha zile zilijulikana chuoni tu. Mwaka 1926, Karl Nierendorf, mwenye nyumba ya maonyesho Berlin, akazionyesha kwa watu. Mwaka 1928 kikatoka kitabu Urformen der Kunst, chenye picha 120, na mwalimu mwenye miaka 63 akawa mtu wa kujulikana. Kitabu cha pili kilitoka 1932. Mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule, akafariki Berlin.