Allidina Visram: Tajiri aliyefungua maduka njia nzima ya reli

MAJENGO makongwe ya biashara katika barabara kuu za Kitale na Bungoma, yenye mapaa ya mabati na baraza mbele ya duka, ni matunda ya mfumo uliostawishwa na mtu ambaye hakuishi kuiona reli ikifika katika miji hiyo. Mtu huyo ni Allidina Visram.

Alizaliwa Kera, eneo la Kutch nchini India, mwaka wa 1851. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi, alivuka bahari hadi pwani ya Afrika Mashariki, akaajiriwa na Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyeuzia misafara vifaa vya safari za bara.

Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, Visram aliifuata kwa maduka, akiwauzia chakula vibarua wa Kihindi. Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, tayari alikuwa amejiimarisha Kampala.

Maduka yake hayakuuza tu. Yalinunua pia simsim, karanga, ngozi na pembe za ndovu. Wachuuzi wadogo walipewa bidhaa kwa mkopo, wakaenda kufungua vibanda mahali ambapo mabenki hayakuthubutu kufika. Faida aliiwekeza katika viwanda: kinu cha mafuta mjini Kisumu, kiwanda cha sabuni Mombasa na mitambo ya kuchambua pamba Mombasa na Entebbe.

Visram alifariki mwaka wa 1916. Mwanawe, Abdul Rasul, aliyerithi biashara hiyo, naye aliaga dunia mwaka wa 1923, na himaya iliyojengwa kwa miongo mingi ikasambaratika.

Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926, miaka 10 baada ya kifo chake. Wenye maduka waliojenga huko na Bungoma walifuata njia aliyoifungua: mbele duka, nyuma ghala na makao ya familia, huku mazao ya mkulima yakibadilishwa kwa nguo, chumvi na sukari.

Mjini Mombasa, Visram anakumbukwa kwa sanamu na shule ya upili yenye jina lake. Magharibi mwa nchi, kumbukumbu ya enzi hiyo imo katika kuta za maduka yenyewe. Kila linapobomolewa moja ili kupisha ghorofa, unapotea ushahidi wa jinsi miji hiyo ilivyoanza kujilisha.