Frederick Douglass: Mtumwa Aliyejifunza Kusoma kwa Siri



Wewe unasoma kitabu hiki mbele ya watu. Ukimaliza somo unakwenda nacho nyumbani, na hakuna mtu atakayekupiga kwa sababu hiyo. Sasa utasoma habari za mtu aliyekatazwa kusoma kwa sababu alikuwa mtumwa mweusi. Jina lake ni Frederick Douglass. Aliishi Marekani. Maisha yake yanatuonyesha jinsi ubaguzi wa rangi ulivyojengwa, na kwa nini haukuisha siku utumwa ulipokwisha.

Kuzaliwa kwake

Frederick alizaliwa mwaka 1818 katika jimbo la Maryland. Yeye mwenyewe hakuambiwa mwaka wala siku. Mwaka huo umejulikana kutokana na daftari la bwana wake. Humo watumwa waliandikwa kama mali.

Mama yake, Harriet, alifanya kazi katika shamba jingine la mbali. Mara chache sana aliweza kutembea usiku kwa miguu ili amwone mwanawe. Kabla ya jua kuchomoza ilimbidi awe amerudi shambani, la sivyo angechapwa. Alikufa Frederick akiwa na umri wa miaka saba hivi. Mtoto alilelewa na bibi yake, Betsey.

Na baba je? Watu walisema kuwa baba yake ni Mzungu. Lakini jambo hilo halikumsaidia. Sheria ilisema kwamba mtoto wa mtumwa hufuata hali ya mama yake. Basi kila mwanamke mtumwa alipojifungua, mali ya bwana iliongezeka.

Hapa ndipo penye mzizi wa ubaguzi. Waafrika walianza kufikishwa Virginia mwaka 1619. Wenye mashamba ya tumbaku, na baadaye ya pamba, walitaka watu wa kufanya kazi bila malipo. Lakini ni vigumu kumfunga minyororo mtu unayemwona kuwa mwenzako. Kwa hiyo walisema kwamba mtu mweusi si mtu kamili, na kwamba ameumbwa kwa kutumikia. Waliyasema hayo majumbani, mahakamani na hata makanisani. Walifundisha watoto wao, na watoto wakafundisha wajukuu. Uwongo ukirudiwa kwa miaka mia mbili, watu wengi huuona kuwa ni kweli.

Kujifunza kwa siri

Frederick alipokuwa na umri wa miaka minane hivi, alipelekwa mji wa Baltimore kutumika katika nyumba ya Hugh Auld. Mke wa bwana huyo, Sophia, alianza kumfundisha herufi. Bwana alipojua alikasirika sana. Alimkataza mkewe, akamweleza kwamba mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa.

Frederick aliyasikia maneno hayo, akayatia moyoni. Alielewa kwamba kama bwana anaogopa kusoma, basi kusoma ni njia ya uhuru.

Hakuwa na mwalimu tena, lakini hakukata tamaa. Alipotumwa njiani alichukua mkate, akawapa watoto maskini wa Kizungu, nao wakamfundisha maneno. Penye kiwanda cha merikebu aliona mafundi wakiandika herufi juu ya mbao, ili wajue kila ubao utakaa upande gani wa chombo. Alizitazama, akaziandika kwa chaki ukutani. Baadaye alijipatia senti hamsini, akanunua kitabu chake cha kwanza.

Akiwa kijana alirudishwa mashambani. Huko alisaidia kufundisha wenzake siku ya Jumapili. Wazungu waliwavamia kwa fimbo, wakawatawanya. Katika shamba jingine alianza tena kwa siri, akapata wanafunzi zaidi ya arobaini. Wengi wao walikuwa watu wazima, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wamechoka kwa kazi ya juma zima. Walijua kwamba wakikamatwa watachapwa, lakini walikuja.

Kutoroka

Mwaka 1834 Frederick alikodishwa kwa mkulima mmoja aliyeitwa Covey. Huyu alijulikana kwa kuwavunja moyo watumwa wakaidi. Kwa miezi sita alimchapa Frederick karibu kila juma. Siku moja Frederick alikataa kupigwa. Walishikana mieleka kwa muda mrefu, na Covey hakumshinda. Tangu siku ile hakumchapa tena.

Tarehe 3 Septemba, 1838, Frederick alivaa nguo za baharia, akapanda gari moshi kuelekea kaskazini. Mfukoni alikuwa na karatasi alizoazima kwa baharia mweusi aliye huru. Mchumba wake, Anna Murray, mwanamke mweusi huru aliyefanya kazi za nyumbani, alimsaidia kwa fedha alizojiwekea. Siku ya pili yake Frederick alikuwa New York. Anna akamfuata, wakaoana. Wakahamia New Bedford, katika jimbo lisilo na utumwa. Huko alichukua jina la Douglass.

Huru, lakini bado mweusi

Pengine wewe unafikiri kwamba taabu zake ziliisha hapo. Sivyo.

Frederick alikuwa fundi wa kukalafati merikebu, yaani kuziba nafasi zilizo kati ya mbao ili maji yasiingie. Alipata kazi hiyo kwa dola mbili kwa siku. Mafundi wa Kizungu wakasema kwamba akiingia yeye, wao wote wataacha kazi. Basi akafanya vibarua vya kubeba na kupasua kuni kwa dola moja. Hakuna aliyesema kuwa hajui kazi. Kosa lake lilikuwa rangi yake.

Mwaka 1841 alikaa ndani ya gari moshi penye viti vya Wazungu. Alikuwa amelipa nauli. Wafanyakazi wa gari walipotaka kumtoa, alikishika kiti kwa nguvu zote. Wakamtoa yeye pamoja na kiti.

Liko jambo jingine lililomuumiza zaidi. Mwaka 1848, mjini Rochester, alimpeleka binti yake Rosetta shuleni. Mwalimu mkuu akamweka mtoto huyo peke yake katika chumba kingine. Douglass alipolalamika, mwalimu aliwauliza wanafunzi wa Kizungu kama wanakataa kukaa na Rosetta. Watoto hawakukataa. Mwalimu akawauliza wazazi. Mzazi mmoja tu alikataa, na Rosetta akaondolewa.

Fikiri, msomaji. Watoto hawakuwa na neno. Ubaguzi ulitoka kwa mtu mzima. Mtu hazaliwi nao, bali hufundishwa. Douglass aliendelea kupigania jambo hilo, na mwaka 1857 shule za serikali za mji huo ziliacha kutenga watoto kwa rangi.

Kalamu, sauti na vita

Douglass alikuwa msemaji hodari. Watu walipomsikia, wengine hawakuamini kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Kwa hiyo mwaka 1845 aliandika kitabu cha maisha yake, akataja majina na mahali. Kitabu kilimletea hatari ya kukamatwa, akaenda Ireland na Uingereza. Mwaka 1846 rafiki zake wa huko walichanga fedha, wakamlipa bwana wake wa zamani ili amwache huru. Aliporudi Marekani alianzisha gazeti lake.

Mwaka 1861 vita vilizuka kati ya majimbo ya kusini na ya kaskazini. Douglass aliwahimiza watu weusi wajiunge na jeshi la kaskazini. Watoto wake wawili waliingia. Lakini askari wa Kizungu alilipwa dola 13 kwa mwezi, na askari mweusi alibakiwa na dola 7 baada ya kukatwa za nguo. Risasi hazikuwabagua, ila mshahara uliwabagua. Mwaka 1863 Douglass alikwenda kwa Rais Abraham Lincoln, akamweleza malalamiko hayo. Mwaka uliofuata Bunge lilikubali malipo sawa.

Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1865. Mwaka 1870 wanaume weusi walipewa haki ya kupiga kura.

Sheria mpya, ubaguzi wa zamani

Je, ubaguzi uliisha? Haukuisha. Ulibadilisha nguo tu.

Makundi ya Wazungu yaliwaua watu weusi bila kuwafikisha mahakamani. Mwaka 1890 jimbo la Mississippi liliweka masharti ya kodi na mtihani wa kusoma kwa mpiga kura. Wazungu ndio waliosimamia mtihani huo, nao waliwaangusha watu weusi. Tazama ujanja huo: kwanza walimkataza mtu kusoma, kisha wakamnyima kura kwa kutojua kusoma!

Douglass aliupinga uovu huo mpaka uzeeni. Tarehe 20 Februari, 1895, alihudhuria mkutano wa kutetea haki za wanawake. Jioni ile akafa.

Mwaka uliofuata mahakama kuu ya Marekani iliruhusu watu kutengwa kwa rangi katika magari ya moshi. Ubaguzi wa kisheria uliendelea miaka mingi, hata sheria za mwaka 1964 na 1965 zilipoupiga marufuku. Na bado, mwaka 2020, polisi Mzungu katika mji wa Minneapolis alimkandamiza shingo kwa goti George Floyd, mtu mweusi aliyefungwa pingu, mpaka akafa. Watu waliandamana katika nchi nyingi. Mwaka 2021 polisi huyo alihukumiwa kifungo.

Sisi nasi tuangalie

Wazee wetu wanakumbuka ukoloni wa Tanganyika. Palikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja mbali. Mambo hayo yaliondolewa baada ya uhuru. Lakini sheria hufuta maandishi. Dharau iliyomo moyoni hufutwa na watu wenyewe. Hata kwetu, watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa ajili ya ngozi yao na tamaa ya fedha. Ukisikia mtu anasema kwamba fulani si mtu kamili, jiulize nani anapata faida kwa maneno hayo. Kisha usinyamaze, hasa mbele ya watoto.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Hugh Auld aliogopa Frederick asijue kusoma?
2. Wenye mashamba walipata faida gani kwa kusema mtu mweusi si mtu kamili?
3. Habari za Rosetta zinatufundisha nini juu ya malezi?
4. Je, kijijini kwetu yako maneno ya kudharau watu kwa ngozi au kabila lao? Tufanye nini?