Jenerali Pile na Walinzi wa Anga

Vita vikiisha, sifa huwaendea kwanza wale walioonekana. Rubani aliyeangusha ndege ya adui hupata jina. Askari aliyekesha matopeni kando ya mzinga, akiulinda mji usiomjua, aghalabu hasahauliki kwa ubaya wala hakumbukwi kwa wema. Jenerali Sir Frederick Pile wa Uingereza aliyaona hayo kwa macho yake, naye hakuyanyamazia. Maisha yake yanastahili kusomwa na kila avaaye sare.

Pile alizaliwa Dublin, Ireland, tarehe 14 Septemba 1884. Baba yake alipata kuwa Meya wa mji huo. Mwaka 1904 alipewa uofisa katika kikosi cha mizinga, akapigana Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akahamia vifaru mwaka 1923. Mwaka 1937 alirejea kwenye mizinga, safari hii ile itazamayo mbinguni, akiongoza divisheni iliyolinda anga ya London. Julai 1939, majuma machache kabla ya vita, alikabidhiwa Kamandi nzima ya mizinga ya kutungulia ndege. Aliishika hadi Aprili 1945, jambo ambalo ni nadra kwa kamanda wa ngazi yake.

Alichokabidhiwa kilikuwa haba. Kwa kuilinda nchi nzima alikuwa na mizinga mizito 695 na myepesi 253, mingi katika hiyo ikiwa ya zamani. Ndege za Ujerumani zilipoanza kuishambulia London usiku baada ya usiku, kuanzia tarehe 7 Septemba 1940, wananchi walijificha mahandakini wakisikia mabomu yakilia na mizinga yao ikiwa kimya. Pile aliamuru mizinga iletwe upesi kutoka miji mingine. Kisha aliagiza kila mzinga ufyatue bila kungoja shabaha kamili. Ndege zilizoanguka zilikuwa chache, lakini marubani wa adui walilazimika kuruka juu zaidi, na wananchi wakapata moyo.

Hata hivyo Pile alijua kuwa mshindo pekee si ulinzi. Alimwita mwanasayansi Patrick Blackett, ambaye pamoja na wenzake alichunguza kwa hesabu kwa nini risasi zilipotea. Rada za mizinga zilipodanganywa na mabonde na vilima, nyavu za waya za kufugia kuku zilitandazwa kuzizunguka ili vipimo viwe sahihi. Idadi ya risasi zilizohitajika kuangusha ndege moja ikapungua mwezi hata mwezi.

Watu nao hawakutosha, kwa kuwa vijana wenye afya walitakiwa kwenye medani nyingine. Pile akapendekeza wanawake wajiunge na vikosi vya mizinga. Wengi walicheka, wengine wakakasirika. Yeye alishikilia neno lake, na mwaka 1941 kikosi cha kwanza cha mchanganyiko kikaingia kazini katika bustani ya Richmond. Sheria haikuwaruhusu wanawake kufyatua mzinga, lakini waliendesha rada, walipima umbali na walielekeza shabaha. Idadi yao ilipita 50,000. Walilala kwenye mahema yaleyale yenye baridi, na baadhi yao waliuawa wakiwa kazini.

Mtihani mkubwa ulikuja Juni 1944, Ujerumani ilipoanza kurusha mabomu yaendayo yenyewe yaitwayo V-1. Katikati ya Julai, kwa makubaliano na wakuu wa jeshi la anga, mizinga yote iliyokuwa nyuma ilihamishiwa pwani kwa siku chache tu. Ilisaidiwa na rada mpya na makombora yaliyolipuka yenyewe yalipoikaribia shabaha. Tarehe 28 Agosti, kati ya mabomu zaidi ya 90 yaliyokuja, manne tu ndiyo yaliyofika London.

Vita vilipokwisha, Pile angeweza kuridhika na nishani zake. Badala yake alishika kalamu. Taarifa yake rasmi ya vita ilichapwa mwaka 1947, na mwaka 1949 akatoa kitabu kizima juu ya kazi ya Kamandi yake. Humo alieleza makosa na mafanikio, na akaitaja kazi ya wake kwa waume ambao wengi waliwadhania kuwa wamekaa bure. Hakukosea kuharakisha: mwaka 1955 Kamandi yenyewe ilivunjwa. Kikosi kilitoweka, kumbukumbu ikabaki. Pile alifariki tarehe 14 Novemba 1976, akiwa na umri wa miaka 92.

Katika vita hivyohivyo, askari wa Afrika Mashariki walipigana Ethiopia, Bukini na Burma. Wengi wamekwisha kuzikwa, na habari zao zimezikwa pamoja nao, kwa sababu hakuna aliyekaa nao na daftari. Mzee hangoji ratiba yetu. Kila kikosi na kila kituo cha polisi kina wastaafu wake: kuna aliyelinda daraja, kuna aliyekesha kwenye mzinga usiofyatuliwa hata mara moja kwa sababu adui aliogopa kuja. Yafaa majina yao, miaka yao na mahali walipotumikia viandikwe wangali hai. Kazi hiyo haihitaji cheo cha jenerali. Yahitaji kalamu, karatasi na subira ya kusikiliza.